Posti ya mama inaisha saa ngapi?

Kila nyumba ya mfanyakazi wa migodi inajua posti ni nini. Kuna posti ya asubuhi, kuna ya mchana, kuna ya usiku. Papa anaingia, anafanya masaa yake, mwenzake anakuja kumpokea, anavua kofia ya kazi, anaoga, anarudi. Hata mchimbaji wa mikono, yule wa shimo na nyundo ambaye hakuna mtu anamwandikia saa, anajua siku ya kutoka shimoni na kukaa chini na wenzake. Basi tunauliza, na tunauliza ba papa kwanza: posti ya mama inaisha saa ngapi?

Tuhesabu kidogo. Anaamka mbele ya jua. Anatafuta maji, anawasha makala, anatayarisha watoto wa masomo. Akimaliza kufagia lupango, anaenda soko ao shamba. Wengine wanaenda kusafisha madini kwenye maji, ao kuuza chakula karibu na mashimo. Anarudi, sombe inamngojea kutwangwa, na nguo za kazi za papa zinamngojea na udongo wao mwekundu. Kiisha bukari. Kiisha vyombo. Mtoto akikohoa usiku, nani anaamka? Na kama papa iko posti ya usiku, mama anapaswa tena kunyamazisha watoto mchana wote ili mwenye kazi alale.

Hatuandike haya ili kuwalilia wamama. Wenyewe hawapende kuliliwa. Tunataka kusema juu ya kitu kimoja kidogo ambacho wengi wao walikiacha njiani, na ambacho tunaona kiko na faida kuliko vile watu wanafikiri: ile kazi ya mikono ao ya sauti ambayo mtu anafanya kwa sababu anaipenda tu, bila kutumwa na mtu. Kufuma. Kushona. Kutarizi. Kuimba mu kwaya. Kupanda maua pembeni ya mlango. Kuandika mu kaye mambo ya siku. Kuchora, kusuka vikapu, kujaribu keki ambayo haijapikwa na jirani yeyote.

Katika Kiswahili chetu cha huku Katanga kitu hiki hakina hata jina zuri. Kwetu neno kubwa ni kazi. Union Minière ilianzishwa 1906, na tangu siku zile mtu wa miji hii anapimwa kwa kazi: iko na kazi, alipoteza kazi, anatafuta kazi. Kile ambacho hakiko kazi tunakiita mchezo. Na kama anayekifanya ni mwanamke aliyeolewa, tunasema anapoteza wakati. «Ule mama anakala tu na nyuzi yake, njo bukari inachelewa!» Nani hajasikia maneno ya namna hii?

Tuangalie basi ile nyuzi kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna jambo.

Kazi zote za nyumba ziko na tabia moja mbaya: zinaliwa siku ile ile. Bukari ya mchana, mangaribi imekwisha. Sahani zilizosafishwa zinachafuka. Nguo zilizofuliwa jumatatu, jumatano zimerudi na vumbi. Mama anafanya kazi miaka makumi mbili na hakuna kitu anaweza kuonyesha kwa kidole aseme: hiki nilikifanya mimi, na kingali hapa. Wanasema watoto. Ndiyo, watoto wako pale, lakini mtoto haiko kitambaa. Mtoto anakua kwa njia yake, anaoa, anaolewa, anaenda Kolwezi ao Kasumbalesa kutafuta yake. Kitambaa cha meza ambacho mama amefuma kwa sindano ya kroshe kinabakia. Kesho anakiona. Mwaka ujao anakiona. Na kila mistari yake anajua alikuwa anafikiri nini siku ile.

Tena, ndani ya kitambaa kile yeye njo alichagua. Siku nzima wengine wanachagua mu nafasi yake: mfuko wa papa unachagua chakula, masomo inachagua saa ya kuamka, bei ya unga inachagua ukubwa wa sufuria. Lakini rangi ya uzi, nyekundu ao manjano, ua la pembe tano ao la pembe nane, hapo hakuna mtu anaingia. Akikosea, anafumua, anaanza tena, na hakuna mtu alipata hasara. Mtu ambaye kila kosa lake linagharimu franga, kupata mahali pa kukosea bila kulipa ni mapumziko makubwa. Wale wanaofuma watasema tena jambo la mwili: mikono ikienda kwa mwendo mmoja, kuhesabu, kuvuta, kuhesabu, pumzi inatulia na mawazo yale ya deni na ya homa ya mtoto yanapunguza kelele. Deni halikuisha. Lakini mama aliyekaa nusu saa hivi anarudi kwake na kichwa kingine, na wa kwanza kuona tofauti ni watoto.

Kuna watu watasema: haya ni mambo ya Wazungu, ya wanawake wasio na shamba. Hapana. Wazee wetu walijua jambo hili mbele ya kuona Mzungu. Waluba wa zamani walisuka nywele kwa mitindo iliyodai masaa mengi sana, na ili kazi ile isiharibike usiku, mafundi walichonga mito ya mti ya kulalia kichwa. Mito ile leo iko ndani ya makumbusho ya Ulaya, watu wanalipa kuiangalia. Na vyungu? Vyungu vilikuwa mikononi mwa wanawake. Chungu kinaweza kupika bila mapambo, lakini mama alikwaruza mistari yake shingoni mwa chungu mbele ya kukichoma. Mistari ile haiongeze ladha ya mboga. Aliiweka kwa sababu gani, kama haikuwa furaha ya mkono wake? Na yule mama alikuwa na shamba, alikuwa na watoto, alikuwa anabeba maji kutoka mbali kuliko sisi.

Sindano nayo iko na historia yake katika kambi zetu. Katika miaka ya 1920 Union Minière ilibadilisha mpango wake. Badala ya kuleta wanaume peke yao kwa muda mfupi, ikaanza kukaribisha wake na watoto. Kiisha ikajenga zile nyumba za wamama tulizoita fuaye, ambamo walifundishwa kushona, kufuma, kupika, kuogesha mtoto. Tuseme wazi, kwa sababu kuna wazee wanaokumbuka kambi kama paradizo: nia ya wakubwa haikuwa furaha ya mama. Walitaka nyumba safi, mtoto mwenye uzito mzuri na mfanyakazi asiyekimbia. Lakini sindano ikishaingia mkononi mwa mtu, haimuulize tena mwalimu. Wamama walichukua yale waliyofundishwa na wakatia ndani maua yao, rangi zao, maneno yao. Gécamines, iliyozaliwa na utaifishaji wa 1967, iliendelea na desturi ile, na nkambo wengi wa Likasi, Kipushi na Lubumbashi wangali na vitambaa vya siku zile ndani ya sanduku.

Kiisha mambo yakaanguka. Katika miaka ya 1990 mishahara ya Gécamines ilichelewa miezi na miezi. Katika 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari yenyewe kila nyumba inajua ilikuwa ya namna gani. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu kizima juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, kilichotoka 2001, na ndani yake anaonyesha vile baba alipoteza mamlaka yake mshahara ulipopotea, na vile mama na watoto waliingia kubeba nyumba. Ni wakati ule sindano ya fuaye iligeuka kuwa ya kulisha. Mama alifuma nguo za mtoto mchanga, akauza. Alishona mashuka, akauza. Alipika beinye na mikate, akauza. Watoto wengi walisoma kwa nyuzi ile, na hata ndani ya ofisi ambamo gazeti hili linaandikwa wako watu waliolipiwa masomo hivyo. Heshima kwao.

Lakini kitu kimoja kilipotea njiani, na hapa njo tunataka wasomaji wakae kidogo na sisi. Tangu miaka ile, huku kwetu kila kitu ambacho mama anajua kufanya kinageuzwa biashara mara moja. Msichana akifuma kofia nzuri, wa kwanza kumwona anasema: «Uuzishe!» Mama akipika keki ya kufurahisha watoto, jirani anamhesabia faida. Hata miradi inayokuja na magari meupe inafundisha wanawake kushona kwa jambo moja tu, wapate kipato. Kipato ni kizuri, hatutakichekea, hasa mwezi huu ambamo unga hauongee na watu. Lakini siku ambayo kufuma kumekuwa biashara, mteja njo anachagua rangi. Mteja njo anataka Ijumaa. Mteja anakopa na hatalipa. Ile nusu saa ya mama imekuwa posti nyingine, imeongezwa juu ya zile zilizokuwa pale.

Kwa hiyo tunashauri jambo ambalo litaonekana kama ujinga mu mji wa franga: mama auze, lakini kimoja asiuze. Akifuma vitambaa vitano, vinne viende soko, cha tano kibakie chake, na kile kifumwe bila haraka, kwa rangi anayopenda yeye. Ao achague kitu ambacho hakiuzwe hata kidogo. Maua, kwa mfano. Mu lupango nyingi kila kipande cha udongo kimewekwa lenga-lenga ao matembele, na ni sawa. Lakini mistari miwili ya maua mbele ya mlango haiwezi kuua watu njaa. Kwaya pia ni kitu cha namna hii: saa mbili za mazoezi, sauti inatoka, mama anajua kama bila yeye alto haisimame.

Tunasikia mapema yale ambayo ba papa fulani watajibu. «Na wakati huo nani atapika?» Tuwajibu kwa heshima, lakini bila kuzunguka. Papa akitoka kazini na kukaa na wenzake mbele ya chupa mbili, hakuna mtu anamuuliza ile inazaa nini. Tunasema: amechoka, aachwe apumue. Na ni kweli amechoka, hakuna mtu katika gazeti hili anadharau kazi ya shimo. Jumapili ya mpira, mji mzima unasimama kwa Mazembe na Lupopo, na hakuna papa anayesema kama anapoteza wakati. Katika 2024 wanawake wa TP Mazembe walishinda kombe la mabingwa wa Afrika kule Maroko, na tuliwapigia mikono wote, wanaume mbele. Hakuna aliyewauliza kwa nini walikimbilia mpira badala ya kutwanga sombe. Bei ya chupa moja inanunua uzi. Hii ndiyo hesabu yote.

Juu ya namna ya kufanya, tuseme machache. Si lazima kununua. Mafundi wa nguo wanatupa vipande vya kitenge kila siku. Mama akivikusanya, anaviunganisha kuwa shuka la mtoto ao kifuniko cha kiti, na kila kipande kinatoka kwa nguo ya mtu tofauti, kitu cha kuchekesha chenyewe. Kaye ya masomo na kalamu vinatosha kwa anayependa kuandika. Muhimu zaidi ni mahali: kikapu kimoja, ao sanduku dogo, ambalo mtoto haguse na papa haweke ndani msumari. Na saa. Nusu saa, mara mbili tatu kwa juma, lakini ijulikane na nyumba nzima, sawa vile posti ya papa inajulikana. Saa ambayo haina jina inaibiwa.

Simu isihesabiwe. Wamama wengi wanasema wanapumzika na simu, na tunawaelewa, sisi wenyewe tunafanya hivyo. Lakini mtu anatoka kwenye simu na macho yamechoka, amejaa mambo ya watu wengine, na mikononi hamna kitu.

Neno juu ya vumbi. Kuna wanaotumia magunia yaliyobeba madini kwa kusuka mikeka ao mifuko, kwa sababu ni ya bure na ni magumu. Tunaomba waache. Vumbi la madini linabakia ndani ya nyuzi zake, na mama anaishika karibu na uso, mara nyingi na mtoto magotini. Malakiti pia, ile mawe ya kijani ambayo mafundi wetu wanatengeneza mikufu na sanamu: kuisugua kavu ndani ya nyumba ni kula sumu kwa pua. Anayeipenda aisugue nje, na maji, na kitambaa juu ya pua, mbali na watoto. Katika 2020 gazeti la waganga The Lancet Planetary Health lilitoa uchunguzi uliofanywa Lubumbashi na waganga wa hapa pamoja na wa Ubelgiji: ulionyesha kama watoto ambao baba yao anafanya kazi inayohusu migodi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kilema. Kwetu hiyo inatosha ili vumbi libakie nje ya mlango, na zaidi nje ya kikapu cha mama.

Na jambo linalotusumbua zaidi kuliko yote: nusu saa ya mama isilipwe na mtoto wa kike. Tunajua nyumba zetu. Mama akikaa, sufuria haiangalie papa wala kaka. Inaangalia yaya, yule msichana wa miaka kumi na mbili mwenye mtihani kesho. Akiacha kaye yake ili mama ashike uzi, hakuna kitu kimepatikana, mzigo umebadilisha kichwa tu. Kijana wa miaka kumi na tano anaweza kuosha sahani, maji hayajui kama mkono ni wa kiume. Papa wa posti ya asubuhi amerudi nyumbani mbele ya jua kushuka, anaweza kukaa na mtoto mdogo nusu saa. Wako wanaofanya hivyo tayari, lakini wanafunga mlango kwanza ili jirani asione. Wafungue tu.

Hatutaki mtu adanganyike: uzi na maua si dawa. Mama ambaye moyo wake umekuwa mzito majuma na majuma, halale, hakule, analia bila sababu, zaidi kama ametoka kuzaa, haiko mvivu na haikurogwa. Apelekwe kituo cha afya, na mtu amsindikize. Na mama anayepigwa nyumbani, tusimwambie afume.

Tunamaliza na jambo la wakubwa, kwa sababu si vizuri kuachia kila nyumba peke yake. Sheria ya migodi iliyobadilishwa 2018 inadai kampuni zinazochimba zitoe 0.3 % ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na migodi. Tena kampuni na wenyeji wanapatana juu ya orodha ya mambo ya kufanya. Tumeona orodha za namna hiyo: visima, masomo, barabara, vituo vya afya, mashine za kusaga. Vyote vinahitajiwa na hatutoe hata kimoja. Tunaomba kiongezwe chumba kimoja katika kila mtaa, cha wamama. Isiwe fuaye ya zamani yenye mwalimu wa kuwapima usafi, na isiwe darasa la biashara. Chumba chenye dirisha kubwa, kwa sababu umeme unakatika, meza ndefu, viti, mashine mbili za kushona za kukanyaga kwa mguu, kabati lenye kufuli, na pembeni mkeka wa watoto na mtu wa kuwaangalia, analipwa. Bei yake kando ya barabara moja ni ndogo sana.

Wakati wa mkutano wa orodha, wamama wasikae nyuma na watoto magotini wakingojea wanaume wamalize. Mmoja asimame aseme chumba hiki, wengine waseme ndiyo, na mwandishi wa mkutano akiandike. Mlango wake ufunguliwe mara mbili kwa juma, mara moja asubuhi na mara moja mchana, ili mama ambaye bwana yake iko posti ya usiku na yule wa posti ya asubuhi wote wapate kufika.